Methali Peke Yake Haitoshi: Vitabu vya Kufundishia Usemaji katika Vyuo vya Dini, Vikitazamwa kutoka Tarasaa

Mwanafunzi wa elimu ya dini atokaye Tarasaa huandaliwa chuoni kusema mbele ya hadhira moja, kisha hurudi nyumbani kusema mbele ya hadhira nyingine. Chuoni husimama mbele ya wanafunzi wenzake na mwalimu mwenye karatasi ya alama. Huwasilisha mada yake kwa dakika kumi na tano au ishirini, huulizwa maswali mawili matatu, hukaa. Nyumbani husimama matangani, kanisani, msikitini baada ya swala, au chini ya mti walikokutana wazee kwa ajili ya shauri la mpaka wa shamba na njia ya ng'ombe. Hadhira hii ya pili haina karatasi ya alama, lakini hukumu yake hudumu kuliko shahada. Vitabu vinavyomfundisha kusema viliandikwa kwa ajili ya hadhira ya kwanza tu, na hata hiyo ni hadhira ya nchi nyingine. Swali linalochunguzwa katika makala haya ni kama vitabu hivyo vyaweza kutengenezwa kwa dawa ambayo imependekezwa mara nyingi, yaani kwa kutiwa methali, hadithi na mifano ya Kiafrika, au kama kasoro yenyewe iko mahali ambapo methali haiwezi kufika.

Tarasaa ni mji mdogo wa delta ya mto Tana, upande wa Garsen, jirani na Ngao. Umo katika kaunti ya Tana River, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 315,943. Wakazi wakuu wa delta ni Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, na Waorma, wafugaji wa ng'ombe. Wapo pia Wardei, Wagiriama, Waswahili na wengine waliohamia. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki. Kiorma ni lugha ya Kikushi, ya ukoo mmoja na Kioromo cha Ethiopia. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, ila kila upande huingia ndani yake kwa mlango wake.

Dini nazo zimeingia kwa milango mingi. Wamethodisti wa Kiingereza walijenga kituo Golbanti katika miaka ya 1880, na huko mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa mwaka 1886. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikaa Ngao tangu mwongo huohuo, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akatafsiri Agano Jipya kwa Kipokomo, likachapishwa mwaka 1901. Kwa Wapokomo wa juu Uislamu ndio ulioshika, kama alivyoeleza Robert Bunger katika utafiti wake uliotoka mwaka 1973, na Waorma ni Waislamu. Wakatoliki wa delta wamo katika Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akisimama Tarasaa kusema jambo la dini, aghalabu asiyekuwa wa dini yake yupo kivulini anasikiliza.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa, katika eneo la Tarasaa, kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mapigano kati ya wakulima na wafugaji yaliyoendelea hadi mapema mwaka 2013 yaliua zaidi ya watu 100 kwa jumla, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka. Aliyesimama kusema matangani katika miezi ile hakuwa na nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Kama alikuwa mhitimu wa chuo cha dini, alikuwa amefundishwa kusema. Inafaa kuuliza alifundishwa nini.

Vyuo vyenyewe viko mbali na delta. Chuo cha Mtakatifu Paulo cha Limuru kilianzia pwani, Frere Town, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, kikawa chuo cha muungano wa Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri mwaka 1955, na chuo kikuu mwaka 2007. Wamethodisti walianzisha chuo kikuu chao Meru mwaka 1997. Wakatoliki wana chuo chao kikuu Nairobi. Waislamu wana Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, mbali na vyuo vya kisharia vilivyoko Kenya kwenyewe. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, na kwa masomo mengine Kiarabu. Mhitimu atahubiri au kutoa mawaidha kwa Kiswahili, na atapatanisha ugomvi kwa Kipokomo au Kiorma, lakini alama alizipata kwa lugha nyingine.

Katika mkondo wa vitabu vya Kiingereza vya usemaji, vitatu vyatosha kuonyesha mwelekeo. Cha kwanza ni cha John Broadus juu ya kutayarisha na kutoa mahubiri, kilichotoka Marekani mwaka 1870 na kuchapishwa tena na tena. Cha pili ni Biblical Preaching cha Haddon Robinson, cha mwaka 1980, ambacho kimeifanya kanuni ya wazo moja kuu kuwa msingi wa somo la kuhubiri katika vyuo vingi vya Kiprotestanti. Cha tatu ni The Art of Public Speaking cha Stephen Lucas, cha mwaka 1983, kilichoandikwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu kwa jumla. Haidaiwi hapa kwamba kila chuo kilichotajwa hutumia vitabu hivi. Vimechaguliwa kwa sababu muhtasari wowote wa somo hili, hata ule uliochapwa kwa mashine ya ofisi na kugawiwa darasani bila jina la mtungaji, unafuata nyayo zao.

Lazima isemwe kwanza kwamba vitabu hivi vina manufaa. Robinson anamlazimisha mhubiri ajiulize, kabla hajapanda mimbarini, ni jambo gani hasa analotaka kulisema. Na yeyote aliyewahi kukaa saa mbili juani akimsikiliza msemaji asiyejua aendako atamshukuru kwa hilo. Lucas anasisitiza kwamba msemaji ataje alikopata habari zake na asimdanganye msikilizaji. Hayo ni maadili mema, wala si mali ya Wamarekani peke yao.

Taabu inaanzia kwenye utaratibu. Katika vitabu vya aina ya Lucas, mwanzo wa hotuba una kazi nne: kuvuta usikivu, kutaja mada, kuwaonyesha wasikilizaji kwamba msemaji anastahili kusikilizwa, na kudokeza hoja zitakazofuata. Kazi ya tatu na ya nne ndizo zinazomponza kijana wa Tarasaa. Kijana anayesimama mbele ya wazee akajieleza kwamba amesoma hiki na kile, kwa hiyo asikilizwe, amekwisha kuvunja adabu kabla hajafika kwenye hoja. Sifa zake, kama anazo, hutajwa na mwingine: mzee anayemkaribisha ndiye anayesema huyu ni mtoto wa fulani, ametoka masomoni, apewe nafasi. Yeye huomba ruhusa. Akiruka hatua hiyo, hata akiwa na hoja ya dhahabu, wasikilizaji watabaki wakijiuliza amelelewa na nani.

Kudokeza hoja mwanzoni kuna madhara makubwa zaidi. Katika semina ni jambo la busara, kwani msikilizaji wa semina anataka kujua njia itakakopita. Katika shauri la pande mbili, anayetangaza mwanzoni atakapoishia huwa ameufunga mlango ambao wenzake walitarajia kuupitia. Wazee husema kwa kuzunguka, tena kwa makusudi. Huanza na mvua, na mto, na marehemu waliokuwa wakiwafahamu wote, na katika kuzunguka huko kila upande hupata nafasi ya kupima kama mwenzake amekuja kwa amani. Delta ina mfano wa kale wa maneno yaliyofichwa ili yamfikie astahiliye peke yake: Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake yanafungamana na Shaka, Ozi na Kipini, aliokolewa gerezani kwa wimbo ambao walinzi waliusikia na hawakuuelewa. Karatasi ya alama ingempa Liyongo sifuri katika uwazi wa shabaha.

Na kuna jicho. Vitabu hivi hudai msemaji awatazame wasikilizaji wake machoni, na karatasi za alama huweka jambo hilo katika mstari wake wenyewe. Kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake hupoteza alama kwa malezi mema. Jambo hili dogo halihitaji kuchukua nafasi zaidi. Linatajwa kwa sababu ndilo ambalo walimu huliona upesi na kulisahihisha, wakidhani kwamba wamekwisha kuuitikia utamaduni wa mwanafunzi.

Dawa iliyopendekezwa na wengi ni kuongeza mali ya kienyeji. Msukumo huu una historia ya heshima. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na fasihi simulizi ya Afrika ipewe kiti chake. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, fasihi simulizi iliingia katika silabasi ya Kiswahili ya shule za sekondari. Lakini iliingia kama orodha ya vipera: mwanafunzi alijua kufafanua hotuba, mawaidha na malumbano ya utani, na kutaja sifa za kila kimoja, ilhali mtihani wa kidato cha nne ulikuwa na karatasi tatu, zote za kuandika. Aliweza kupata alama ya juu katika maelezo ya hotuba bila ya kuwahi kutoa hotuba hata moja. Mwanafunzi huyo ndiye anayefika chuoni.

Katika upande wa theolojia, mfano bora wa dawa hii ni Towards an African Narrative Theology, kitabu cha mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, kilichotolewa Nairobi mwaka 1996. Kwa miaka mingi watungaji hawa walikusanya methali, hadithi na nyimbo, hasa za Wasukuma, wakaonyesha jinsi zinavyoweza kubeba mafundisho ya Kikristo. Kitabu kina thamani kubwa, na mhubiri asiyekijua amepungukiwa. Hata hivyo, kinapotumiwa darasani kama ghala la kuchota, hutokea jambo ambalo watungaji hawakulikusudia. Mwanafunzi huandaa mahubiri ya hoja tatu kama alivyofundishwa, kisha hutafuta methali ya kubandika juu ya kila hoja. Methali inakuwa kachumbari pembeni ya sahani. Chakula chenyewe ni kilekile.

Methali katika baraza haifanyi kazi hiyo. Msemaji huanza nusu ya kwanza, akanyamaza, na wasikilizaji hummalizia. Katika kummalizia wanakiri kwamba jambo hilo ni lao wote, hata kama bado hawajakubaliana juu ya ng'ombe walioingia shambani. Ndivyo ilivyo kwa kitendawili ambacho hakianzi mpaka mwingine aseme tega, na kwa hadithi ambayo haisogei mpaka paukwa ijibiwe pakawa. Umbo hili la kuitana na kuitikiana ndilo linaloipa methali nguvu, na ndilo linaloachwa nje methali inapohamishiwa katika daftari. Zana za kufundishia zinazojiita za kienyeji zimebeba maneno ya baraza, zikauacha utaratibu wa baraza palepale chini ya mti.

Upande wa Waislamu hali si tofauti sana, ingawa historia yake ni nyingine. Khutba ya Ijumaa katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani, ina nguzo tano zijulikanazo: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya katika moja ya khutba mbili, na kuwaombea dua waumini katika ya pili. Huu ni mpango wa usemaji uliokamilika, wenye mwanzo na mwisho wake, na kikao kifupi katikati. Kwa karne nyingi katika nchi nyingi za Kiislamu makhatibu walisoma khutba zilizotungwa tayari, mashuhuri zaidi zikiwa za Ibn Nubata wa karne ya kumi, kwa Kiarabu ambacho waumini wengi hawakukifahamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947, alipigania elimu ya dini itolewe kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ya mwaka 1969 ikaipa kazi hiyo chombo kikubwa.

Lakini chemchemi yenye manufaa zaidi kwa mwalimu wa usemaji wa kitaaluma ni darsa kuliko khutba. Katika darsa mwanafunzi husoma ibara ya kitabu kwa sauti, sheikh huifungua, mwanafunzi huuliza, mwingine hutaja kauli ya mwanachuoni aliyehitilafiana na huyo, na kila kauli huambatana na jina la mwenyewe. Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Saleh yapata mwaka 1900, imefundisha hivyo kwa zaidi ya karne moja, na Lamu haiko mbali na delta. Kutaja chanzo cha habari, ambako Lucas analazimika kukufundisha kama jambo geni, katika darsa ni adabu ya kwanza. Ni ajabu kwamba chuo cha kisharia huweza kumpa kijana aliyelelewa katika darsa kijitabu cha usemaji kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kana kwamba hajawahi kushiriki mjadala wa kielimu maishani mwake.

Hapana budi kutaja pia shule ambayo haina majengo. Neno mhadhara, ambalo chuoni ni somo la profesa, mitaani pwani limekuwa na maana nyingine tangu miaka ya 1980: mkutano wa hadhara ambamo mhubiri wa dini moja hukinyambua kitabu cha dini ya pili ili kuwashinda wafuasi wake. Kanda za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilisambaa sana, na Wakristo nao wakajibu kwa mtindo uleule. Vijana wengi wanaoingia vyuo vya dini wamejifunza usemaji kwanza huko. Mihadhara hii ina ufundi: msemaji hutaja sura na aya bila kubabaika, na hadhira huitikia. Kinachokosekana ni mwenye kusikiliza. Kitabu cha chuoni kinachofundisha jinsi ya kujenga hoja na kuitetea, bila kufundisha jinsi ya kuipokea kauli ya mwingine, humwongezea kijana huyu makali ambayo tayari anayo.

Pwani ilikwisha kuwa na nidhamu bora kuliko hiyo. Katika mashairi ya kujibizana, ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyapa sifa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, anayejibu hutarajiwa kufuata bahari ile aliyopewa, na aghalabu vina vilevile. Hawezi kujibu mpaka aichukue sauti ya mpinzani wake na kuishika mpaka mwisho. Hapo kusikiliza si fadhila ya moyo. Ni sharti la ufundi, na asiyetimiza huonekana na wote.

Yafaa sasa kutazama somo moja kwa karibu. Mwanzo 13 unasimulia ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Loti, nchi isiwatoshe kwa wingi wa mifugo. Abramu akamwachia Loti achague, na Loti akachagua bonde lenye maji. Hakuna sura ya Biblia iliyo karibu zaidi na Tarasaa. Mwanafunzi akiifanyia kazi kwa kanuni ya Robinson atatoka na wazo moja kuu, yumkini kwamba mwenye imani huiacha haki yake kwa ajili ya amani. Wazo ni zuri. Lakini litamkwe Tarasaa: ni nani anayeambiwa aache haki yake? Mkulima wa kando ya mto atakumbuka kwamba aliyechagua bonde la maji ndiye aliyeishia Sodoma, na atahisi ametukanwa. Mfugaji atasikia kwamba babu wa imani alikuwa mfugaji, naye akapisha, na atauliza mbona ni yeye tena anayetakiwa kupisha malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni. Mhubiri ametoa wazo moja, wasikilizaji wamepokea mawili, na hakuna nafasi katika mpango wa mahubiri ambapo yeye angeweza kulijua hilo.

Kurani ina kisa cha namna hiyo kilicho karibu zaidi. Katika Sura ya Anbiya, aya ya 78 na ya 79, Daudi na Sulaiman wanahukumu juu ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wengi hueleza kwamba Daudi aliamua kondoo wapewe mwenye shamba, na Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba atumie maziwa na manyoya ya kondoo, wakati mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi hali yake, kisha kila mmoja achukue chake. Aya haimfedheheshi Daudi. Yasema wote wawili walipewa hukumu na elimu. Kwa semina ya chuo kikuu huu ni mfano usiokuwa na mfano wake, kwani unaonyesha wanachuoni wawili, baba na mwana, wakihitilafiana juu ya jambo moja, na mdogo akiwa na kauli iliyo bora bila mkubwa kuvunjiwa heshima. Tena katika Sura ya Sad Daudi huyohuyo anaendewa na wagomvi wawili, na mmoja analalamika kwamba nduguye mwenye kondoo tisini na tisa ameutaka na huyo wake mmoja, na amemshinda kwa maneno. Daudi anatoa kauli kabla mwingine hajasikika, kisha anatambua kwamba amejaribiwa. Kushindwa kwa maneno kunatajwa hapo kama dhuluma, na kitabu chochote cha usemaji cha vyuo vya dini kingeweza kuanzia papo hapo.

Visa hivi vikipewa darasa lenye watu wa delta, kazi ya kwanza ya mwanafunzi isiwe kuvigawa katika hoja. Asimulie kisa kama angekisimulia mkulima, na mwenzake akisimulie kama mfugaji. Kisha kila mmoja arudie simulizi la mwenzake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Baada ya hapo ndipo hoja ijengwe, na hapo Robinson na Lucas wana nafasi yao.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mtihani wa nje, na utetezi wa tasnifu, utafanywa kwa taratibu za kimataifa, na mwanafunzi aliyefundishwa kuzunguka ataanguka. Pingamizi hii ina nguvu kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mtu ajuaye taratibu mbili, na ajuaye kwamba ni mbili, huzitenganisha vyema zaidi kuliko yule aliyeambiwa kwamba moja ni elimu na nyingine ni ushamba. Hatari iko kwa yule asiyejua kwamba anavuka mpaka.

Pingamizi ya pili ni nzito. Wazee wa Kipokomo hukutana katika gasa, na wa Kiorma katika baraza la matadeda. Humo wanaume wazee ndio wenye kauli. Wanawake waliouawa Riketa hawakuwa na sauti katika mabaraza ya kabla ya kifo chao. Tena mabaraza haya hayakufika leo yakiwa salama: ngadzi, ngoma kuu iliyokuwa alama ya mamlaka ya wazee wa Kipokomo, ilichukuliwa na watawala wa Kiingereza mwaka 1902 na imehifadhiwa British Museum, London, na machifu wa serikali ya kikoloni walichukua sehemu ya kazi zake. Anayependekeza utaratibu wa baraza uletwe darasani hana haki ya kuuleta mzimamzima kama kitu kitakatifu. Semina ina haki moja ambayo baraza limewanyima wengi, nayo ni kwamba msichana wa mwaka wa kwanza anaweza kumwuliza profesa swali na kujibiwa. Haki hiyo ishikwe kwa mikono miwili. Darsa la msikitini na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya lengo la uchungaji mwaka 1976, zinaonyesha kwamba kuitikiana kunaweza kuwako bila umri kuwa kufuli, ingawa katika darsa nyingi wanawake bado husikiliza nyuma ya pazia.

Hali kadhalika lugha ya zana hizi isiachwe kuwa jambo la baadaye. Kipokomo kilikuwamo katika msamiati wa lugha sita uliochapishwa na Krapf mwaka 1850, kabla lugha nyingi za Kenya hazijaandikwa neno hata moja. Hata hivyo mwanafunzi Mpokomo hatakutana na istilahi ya Kipokomo ya kuomba nafasi ya kusema, wala Mwenorma na ya Kiorma, katika ukurasa wowote wa kitabu chake. Istilahi hizo zikusanywe kwa wenyewe, ziandikwe pamoja na maelezo ya lini zinatumika na nani anaruhusiwa kuzitumia, na ziwekwe mwanzoni mwa kitabu badala ya kiambatisho cha mwisho.

Pamoja na hayo ibadilishwe karatasi ya alama, maana mwanafunzi husoma karatasi hiyo kwa makini kuliko kitabu. Mstari wa kutazama machoni uondolewe. Mahali pake pawekwe mstari wa kuomba na kupewa nafasi, na mwingine wa kumtambulisha mwenzake, kwani sifa za mtu zinatamkwa na mwingine. Alama za kusikiliza zitolewe kwanza, kabla mwanafunzi hajasimama kutoa hoja yake mwenyewe. Na aliyeshindwa kuirudia kauli ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali arudishwe kukaa, aje tena wiki inayofuata.